Pikipiki ya Marehemu: Isikilizeni Kabla ya Kuiuza kwa Bei ya Chuma



Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu nyingi kuna chombo kimesimama uani kimefunikwa turubai, na kila anayepita ana hukumu yake juu yake. Mara nyingi ni pikipiki ya zamani. Baba au kaka alikuwa akiipanda, kisha ikasimama kwa sababu ya safari, ugonjwa au msiba, na siku ilipohitajiwa tena haikuwaka. Hapo ndipo hutokea mtu mwenye haraka akasema, "Injini imekufa, nipeni niwaondolee." Leo nataka tuzungumze juu ya hukumu hiyo. Injini chache sana hufa zikiwa zimelala, na mali inayouzwa kwa haraka mara nyingi huwa ni ya mtu asiyeweza kujisemea.

Nasema haya kwa sababu yalitufika sisi wenyewe. Mwaka jana kaka yangu alitangulia mbele ya haki. Alikuwa akiishi Ryansoro, upande wa kusini wa Gitega, akiuza ndagala wakavu aliowapandisha kutoka Bujumbura na kuwazungusha katika masoko ya vilimani. Aliacha mke, watoto wanne, deni kwa tajiri aliyekuwa akimkopesha mzigo, na Honda CG125 ya zamani. Wifi yangu akakaa eda yake, miezi 4 na siku 10, na muda wote huo pikipiki ikasimama chini ya paa la jiko, petroli ikiwa ndani ya tangi na ndani ya kabureta.

Eda ilipokwisha, kijana wa jirani aliipiga kiki karibu nusu saa. Ikawaka kwa choki, ikatoa moshi mweusi, na choki ilipofungwa ikazima. Mnunuzi wa pikipiki kuukuu akaja siku hiyo hiyo. Akautazama moshi, akasema ringi zimekwisha, silinda imekwisha, na kuifungua injini kutagharimu kuliko pikipiki yenyewe. Bei aliyotaja haikufika hata robo ya bei ya pikipiki kama ile ikiwa nzima.

Sasa tazameni hesabu. Deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo mirathi igawanywe. Kwa bei ile, pikipiki yote ingeingia kwenye deni na deni lisingeisha. Kwa bei ya haki, deni lingelipwa na watoto wangebaki na kitu. Kwa hiyo swali la ringi halikuwa la mafundi peke yao, lilikuwa swali la mali ya yatima. Wakubwa wa ukoo walikuwa wamechoka na msiba na walikuwa karibu kukubali. Wifi akanipigia simu Bujumbura: "Wifi, wewe umekulia gereji. Njoo uitazame kabla sijasema ndiyo."

Ni kweli nimekulia gereji. Marehemu baba alikuwa fundi Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa gereji zake, na sisi wasichana tulimshikia taa na kumwoshea vyuma kwa mafuta ya taa. Kazi yangu ni kufundisha watoto shule, si ufundi. Lakini baba alituachia kanuni moja ambayo haihitaji gereji: injini inataka cheche, mafuta na pumzi, na kila kimoja kije kwa wakati wake. Ukijua kipi kimekosekana umemaliza nusu ya kazi, na kukijua hakugharimu kitu ila subira.

Jambo la kwanza nililofanya Ryansoro lilikuwa kuuliza maswali, spana zikiwa bado mfukoni. Siku ya mwisho marehemu kuipanda ilikuwaje? Mtoto wake mkubwa, kijana wa miaka 15, akajibu kwamba baba yake alitoka nayo Gitega akiwa na magunia mawili, akapanda vilima vyote, akaizima mwenyewe kwa ufunguo. Je, alikuwa akiongeza oili kila mara? Hapana. Je, ilikuwa ikitoa moshi? Kidogo, mweusi, wakati wa kupanda mlima. Majibu hayo yalitosha kunitia shaka juu ya hukumu ya mnunuzi. Ringi zilizokwisha hula oili, na mwenye pikipiki hulijua hilo kwa sababu mfuko wake ndio unaolipa.

Halafu rangi ya moshi. Hili nawaomba kila mzazi mwenye pikipiki nyumbani alishike. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo kweli unaweza kushuku ringi au mipira ya valvu. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi mara nyingi ni unyevu tu, nao hupotea injini ikipata joto. Mnunuzi aliuona moshi mweusi akausomea hukumu ya moshi wa buluu. Sijui kama alikosea au alikusudia, na sikumdhania.

Kwa pumzi kuna kipimo cha mkono. Ufunguo ukiwa umezimwa, bonyeza kiki polepole kwa mkono badala ya kuipiga kwa mguu. Injini yenye afya hukuzuia mahali fulani, kama mtu anayesukuma mlango kutoka ndani, kisha huachia taratibu. Ikiwa kiki inashuka kama inaingia kwenye uji, kuna tatizo la valvu, ringi au gasketi. Ile ya kaka ilizuia, ingawa si kwa nguvu niliyoitarajia. Nikaliandika hilo kwenye daftari la kijana, na nikamwambia tutalirudia.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita njia alisimama akauliza kama nyumba ile haina mwanamume. Kijana akamjibu kabla yangu: "Yupo, babu, ndiye anayeshika taa." Mzee akacheka, akavuta kigoda, akakaa nasi mpaka adhuhuri.

Tukaja kwenye cheche. Tulifunga bomba la petroli, tukafungua plagi na kuitazama mdomoni. Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli imezidi. Ikiwa imelowa oili nyeusi yenye kuteleza, oili inapita. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni chache na injini inaungua ndani. Rangi njema ni hudhurungi, kama chai ya maziwa iliyokolea. Ile yetu ilikuwa na masizi makavu. Huo ulikuwa ushahidi wa pili dhidi ya habari ya ringi.

Tukaisafisha, tukapima mdomo wake kwa vibamba vya kupimia nafasi, ambavyo mafundi huviita fila. Kwa CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kisha tukaigusisha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake ili mvuke wa petroli usishike moto, tukapiga kiki. Cheche ilitoka, lakini dhaifu na ya rangi ya chungwa. Pikipiki hii ni ya zile za zamani zinazotumia platini, yaani vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kuipa koili umeme wake. Miezi ya kusimama kwenye unyevu wa jikoni ilikuwa imevitia utando. Tulivisugua taratibu kwa msasa laini, tukavipangusa kwa karatasi safi, na nafasi yake tukaiweka kati ya milimita 0.3 na 0.4. Cheche ya pili ilikuwa ya buluu na ililia. Kijana aliruka nyuma akasema, "Shangazi, imetukana!"

Mafuta ndiyo yaliyokuwa na siri kubwa. Petroli inayosimama muda mrefu huchacha. Sehemu nyepesi huruka, na inayobaki hugeuka gundi yenye harufu ya rangi ya kupaka. Tulimwaga ya tangini, na tulipolegeza skrubu ya chini ya kabureta ilitoka maji kidogo na uchafu wa kahawia. Ndani kuna jeti mbili. Kubwa hutoa mafuta ukivuta moto, ndogo hutoa mafuta injini ikiwa inanguruma polepole. Tundu la ndogo ni jembamba kama unywele, na lilikuwa limeziba kabisa.

Hapa ndipo mambo yote yalipoungana. Jeti ndogo ikiziba, injini haiwezi kunguruma polepole bila choki. Ukiiendesha na choki, unaizuia hewa, petroli inazidi, plagi inapata masizi na moshi unakuwa mweusi. Basi ule moshi uliosomewa hukumu ya kifo ulitokana na choki, na choki ilitumika kwa sababu ya tundu lisilopita hata sindano. Tuliloweka jeti katika petroli safi usiku kucha, asubuhi tukaipuliza, na palipokuwa pamebaki tukapitisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Msitumie sindano wala waya wa chuma. Vinapanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi.

Chujio la hewa nalo lilikuwa limejaa vumbi jekundu la kiangazi. Ni sifongo tu. Tuliliosha kwa maji na sabuni, tukalikausha kivulini, tukalipaka oili kidogo na kulikamua. Pua iliyoziba nayo huongeza moshi mweusi.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, tukarudi kwenye lile la pumzi. Nafasi ya valvu, ambayo mafundi huiita tapeti, hupimwa injini ikiwa baridi tu, kwa sababu chuma hutanuka kwa joto. Kwa CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, pistoni ikiwa juu kabisa mwishoni mwa mgandamizo na valvu zote zimefungwa. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imebana, hata kibamba chembamba hakikuingia. Valvu iliyobana haifungi vizuri. Pumzi hupotea, na ikiachwa hivyo huungua. Tuliirekebisha kwa spana ndogo na bisibisi, na kiki ikazuia kama inavyopaswa. Yule mzee, ambaye alikuwa amerudi, aliijaribu mwenyewe akatikisa kichwa.

Niseme kidogo juu ya injini yenyewe, maana wengi wanazo au wana zilizoigwa kutoka kwake. Honda walianza kuitengeneza CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo, hupita vumbi, na hukawia kubadilishiwa oili. Badala ya mnyororo wa ndani unaozungusha vyuma vya valvu huko juu, wahandisi wakatumia fimbo za kusukuma kutoka chini. Hakuna mnyororo wa kukaza, na tapeti anaweza kuzirekebisha mtu mwenye spana chache. Viwanda vingi vya China viliiga muundo huo baadaye. Kwa hiyo pikipiki hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa nyumbani anayeweza kusoma na kupima. Tulibadilisha na oili yake pia, karibu lita 1, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imekaa na unyevu.

Iliwaka kwa kiki ya tatu. Wifi alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akasikiliza ule mngurumo aliouzoea kila jioni, kisha akarudi ndani bila kusema neno. Tulimwacha.

Kuwaka bado si kukaa sawa. Tuliiacha ipate joto, choki imefungwa. Skrubu ya mchanganyiko tuliizungusha polepole huku na huku mpaka tukapata mahali ambapo mngurumo unakuwa wa juu na laini kuliko pengine pote, kisha tukaushusha mwendo kwa skrubu ya pili. Hakuna siri nyingine. Sikio la kijana lilikuwa bora kuliko langu, naye ndiye aliyepapata.

Lakini tulipoipandisha mlima na kuitazama plagi, ilikuwa bado na weusi. Hapa kuna jambo ambalo watu wa vilimani tunapaswa kulijua. Bujumbura iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Gitega vinapita mita 1,500. Hewa hupungua uzito takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabureta iliyopangwa kando ya Ziwa Tanganyika huendelea kutoa petroli kama iko ziwani, huku hewa imepungua. Ndiyo maana marehemu alikuwa akiona moshi mweusi milimani hata kabla pikipiki haijasimama. Katika kabureta hii sindano ina mitaro na kipini kidogo. Tulikipandisha kipini mtaro mmoja, sindano ikashuka, petroli ikapungua. Baada ya safari ya kwenda na kurudi sokoni plagi ilikuwa hudhurungi. Ila nilimwandikia kijana daftarini: siku pikipiki ikishuka kufanya kazi Bujumbura, kipini kirudi mahali pake, kwa sababu petroli ikiwa chache kwenye hewa nzito, pistoni huungua.

Mnunuzi alirudi, akaisikia, akapandisha bei zaidi ya mara mbili pale pale. Wakubwa wa ukoo wakaita watu wawili waijuao kazi waithamini. Nikasisitiza waambiwe kila kitu: mnyororo na meno yake vimelika, kuna oili inayovuja kidogo chini ya kifuniko cha klachi, tairi la nyuma limekwisha. Tusingeweza kulalamikia aliyepunguza thamani kwa maneno kisha sisi tuiongeze kwa kunyamaza. Hata kwa kasoro hizo, bei waliyotoa ilifunika deni na kubakiza.

Mwishowe haikuuzwa. Tajiri wa ndagala aliitwa, akakubali mbele ya mashahidi kulipwa kidogo kidogo, na yakaandikwa. Pikipiki akapewa dereva mwenye leseni anayeleta hesabu kila Ijumaa, kwa ridhaa ya wote wenye haki. Mambo si mepesi. Kuna wiki ambazo petroli haipatikani na hesabu haiji. Lakini deni linapungua, na kijana ana daftari lenye tarehe, vipimo na rangi za plagi.

Niwaachie wazazi tahadhari nne, kwa sababu kazi hii ikifanywa nyumbani watoto huwa karibu.

Msiiwashe injini ndani ya chumba au jiko lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akidhani anasinzia.

Msivute petroli kwa mdomo, na msimruhusu mtoto kufanya hivyo. Ikiingia mapafuni ni hatari kubwa.

Katika uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka hii ya 2020, wengi tulizoea kuweka petroli nyumbani. Isiwekwe kwenye chupa za maji au soda, kwa sababu mtoto hajui tofauti, wala karibu na jiko au taa ya moto. Na mkinunua ya chupani, mimineni kidogo kwenye gilasi safi, muiache itulie. Maji hushuka chini ya petroli, na mtayaona kabla hayajaingia kabureta.

Ya nne ni ya chombo kinachosimama. Kukiwa na msiba, ugonjwa au safari ndefu, mtu mmoja apewe kazi ya kufunga bomba la petroli, kumwaga iliyomo kwenye kabureta, na kufunika pikipiki mahali pakavu. Ni kazi ya dakika kumi, na humwokolea mjane maneno mengi ya watu wenye haraka.

Na mkiambiwa kwamba kitu cha marehemu kimekufa, ulizeni: umejuaje? Mwenye elimu atawaonyesha plagi, rangi ya moshi na kipimo. Asiye nayo atawaonyesha pesa mkononi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awalinde yatima wetu na mali zao.

Wabillahi tawfiq.